Kwa Baiskeli Kutoka Iten Hadi Bonde la Kerio: Mambo ya Kujua Kabla ya Kushuka

Asubuhi ya Jumamosi mjini Iten, barabara huwa ya wengi. Wanariadha hukimbia kwa makundi kando ya lami. Mkulima husukuma Black Mamba yake iliyobeba mitungi ya maziwa. Karibu nao, vijana wenye baiskeli nyepesi za mbio hujaza maji kwenye chupa na kukaza kofia ngumu, tayari kushuka Bonde la Kerio.

Iten inajulikana duniani kwa mbio za miguu, lakini milima yake pia imelea waendesha baiskeli. Timu ya Kenyan Riders iliweka kambi yake hapa, na kwa wakazi wengi si ajabu tena kuona mgeni au kijana wa kijijini akipanda kutoka Tambach huku akihema. Mbali na wanamichezo, wapo wanaotumia baiskeli kwenda shambani, sokoni na kazini. Wote hao hutumia barabara moja, na wote hukabiliwa na swali lilelile: wanajua kiasi gani kuhusu mteremko ulio mbele yao?

Barabara yenyewe

Iten iko kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, takriban mita 2,400 juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo lami hushuka kwa kona kali hadi Tambach, kisha huendelea kuteremka hadi Biretwo, kwenye sakafu ya bonde. Mbele zaidi ni Chebloch, ambako daraja huvuka Mto Kerio juu ya korongo jembamba la mawe. Ng'ambo ya mto ni Kaunti ya Baringo, na barabara huanza kupanda tena kuelekea Kabarnet.

Katika safari hiyo ya kilomita takriban 20 kutoka Iten hadi Biretwo, mwendesha baiskeli hushuka zaidi ya mita 1,000. Ndiyo sababu barabara hii hupendwa na pia kuogopwa. Katika maeneo mengi, safari ya baiskeli huanza kwa kupanda, na anayechoka hugeuka tu na kuteremka hadi nyumbani. Iten ni kinyume. Sehemu rahisi huja kwanza, mtu akiwa na nguvu zote, na sehemu ngumu humsubiri mwisho, jua likiwa kali na maji yakiwa yameisha.

Kwa mwendo wa kawaida, kushuka huchukua chini ya saa moja. Kupanda tena huweza kumchukua mtu mwenye mazoezi ya wastani saa mbili au zaidi. Halijoto nayo hubadilika. Kila mita 1,000 za kushuka, hewa huongezeka joto kwa takriban nyuzi 6. Aliyetoka Iten akiwa amevaa jaketi anaweza kukuta zaidi ya nyuzi 30 bondeni saa sita mchana. Hivyo safari hii inafaa kupangwa kuanzia mwisho wake: muda gani utahitajika kurudi, maji kiasi gani, na mtu atafanya nini akishindwa kupanda.

Kwa nini breki huchoka

Mtu anaposhuka mlima, uzito wake humsukuma mbele. Akitaka kuzuia mwendo, breki ndizo hubeba kazi hiyo na kuigeuza kuwa joto. Mtu na baiskeli wenye uzito wa jumla wa kilo 80 wakishuka mita 1,000, nishati inayotolewa inatosha kuchemsha zaidi ya lita mbili za maji baridi. Sehemu ya nishati hiyo humezwa na upepo, lakini mtu akishuka polepole huku amebana breki muda wote, sehemu kubwa huishia kwenye breki na rimu.

Kwa breki za mpira unaobana rimu, joto jingi linaweza kulainisha mpira, na tyubu inaweza hata kupasuka. Breki za diski hustahimili zaidi, lakini nazo hupungua nguvu zikipata moto kupita kiasi. Black Mamba nyingi zina breki zinazovutwa kwa vyuma vyembamba badala ya waya. Breki hizo zilikusudiwa mwendo wa pole, na mzigo wa kuni au maziwa huongeza uzito ambao zinapaswa kuuzuia.

Mwendo nao una hesabu yake. Mwendo ukiongezeka mara mbili, umbali wa kusimama baada ya kubana breki huongezeka takriban mara nne. Kwa kilomita 40 kwa saa, baiskeli husafiri mita 11 kila sekunde. Kabla mtu hajatambua kwamba mbuzi ameingia barabarani na kubana breki, tayari amepita mita hizo au zaidi.

Namna ya kushuka

Breki hazifai kubanwa mfululizo. Inapendekezwa kubana zote mbili kwa nguvu ya wastani kwa muda mfupi, kisha kuziachilia ili zipoe. Mwendo upunguzwe kabla ya kuingia kwenye kona, baiskeli ikiwa bado imenyooka. Anayebana breki kwa nguvu katikati ya kona, hasa penye mchanga au maji, huteleza.

Tambach ni mahali pazuri pa kusimama. Dakika chache za mapumziko hupoza breki na kuipumzisha mikono. Rimu au diski isiguswe kwa kidole baada ya kushuka, kwa kuwa inaweza kuunguza.

Mwendesha baiskeli abaki upande wa kushoto na asikate kona kwa kuingia upande wa pili. Malori ya maembe na bidhaa nyingine hupanda polepole kutoka bondeni, na dereva aliye nyuma ya lori anaweza kujaribu kulipita penye kona. Baadhi ya wahudumu wa bodaboda nao huzima injini kwenye mteremko ili kuokoa petroli, kwa hivyo pikipiki inaweza kutokea nyuma bila kusikika. Karibu na Tambach na vituo vingine, wanafunzi hutembea kando ya lami asubuhi na jioni, na mifugo huvuka wakati wowote.

Wakati wa kupanda, wapo vijana wanaoshikilia nyuma ya lori ili wavutwe. Lori likikata kona au likisimama ghafla, aliyeshikilia hana pa kwenda. Ni afadhali kushuka na kusukuma baiskeli.

Hata wenye ujuzi mkubwa hawana kinga. Suleiman Kangangi, mmoja wa waendesha baiskeli mashuhuri zaidi wa Kenya, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka katika mashindano jimboni Vermont, Marekani. Ujuzi hupunguza hatari, lakini hauiondoi.

Njia kulingana na uwezo

Anayeanza, au mgeni ambaye hajazoea hewa ya Iten, anashauriwa kubaki juu kwa siku za kwanza. Katika mwinuko huu mwili hupata oksijeni pungufu kwa takriban robo ukilinganisha na pwani, na hata kilima kidogo humchosha aliyefika jana. Barabara ya kuelekea Kapsowar kupitia Singore ina vilima vya kupanda na kushuka, na mtu anaweza kugeuka wakati wowote.

Mwenye mazoezi ya wastani anaweza kushuka hadi Tambach na kurudi. Akiona kupanda kutoka Tambach kumekuwa kazi nzito, hiyo ni ishara kwamba Biretwo ingoje siku nyingine.

Aliye tayari kwa safari nzima hadi Biretwo aondoke Iten mara tu kunapopambazuka, ili aanze kupanda kabla ya jua kuwa kali. Abebe angalau lita mbili za maji kwa safari ya kurudi. Kwenda hadi Kabarnet na kurudi siku hiyohiyo ni kupanda milima miwili mirefu, na njia hiyo ni ya wenye mazoezi ya kutosha. Kwa wengine, ni salama zaidi kupatana mapema na mwenye gari la kuwarudisha.

Msimu wa mvua huongeza tahadhari. Mawe na udongo vinaweza kuporomoka kutoka kwenye ukingo, na lami hufunikwa na matope. Ikiwa mvua kubwa imenyesha usiku, inafaa kuwauliza madereva wa matatu waliotoka bondeni asubuhi kabla ya kuondoka. Anayenuia kufuata barabara za bondeni kuelekea kaskazini aulize kwanza hali ya usalama kwa chifu au kituo cha polisi kilicho karibu.

Ukaguzi wa dakika tano

Kabla ya kushuka, mwendesha baiskeli ahakikishe yafuatayo:

- Breki zote mbili zinashika, na mipira yake haijaisha. Asimame, abane breki ya mbele na kusukuma baiskeli mbele, kisha arudie kwa breki ya nyuma. Gurudumu lisizunguke.
- Waya au vyuma vya breki havijakatika wala kulegea.
- Tairi hazina nyufa wala uvimbe, na zina upepo wa kutosha.
- Magurudumu yamekazwa na mzigo umefungwa imara.
- Kofia ngumu imefungwa kidevuni, na nguo ni za rangi inayoonekana.
- Taa na reflekta zipo, kwa kuwa ukungu huweza kufunika ukingo asubuhi.
- Simu ina chaji, na kuna mtu anayejua njia itakayofuatwa na saa ya kurudi.

Fundi wa baiskeli hubadilisha mipira ya breki kwa muda mfupi na kwa gharama ndogo. Kazi hiyo ifanywe Iten kabla ya safari, kwa sababu breki ikikataa katikati ya mteremko, fundi atakuwa mbali. Ajali ikitokea, nambari za dharura ni 999 na 112.