Komwe, Kawa na Hesabu za Kwanza za Mtoto

Tulikuwa barazani kwa jirani yetu mmoja alasiri ya juzi, mwanawe wa miaka mitano akaitwa aje kutuonesha elimu yake. Alisimama wima, akahesabu kuanzia moja hadi hamsini pasipo kusita hata mara moja. Tulimpongeza, naye akafurahi. Kisha bibi yake, aliyekuwa kando akichagua mchele, akamwambia: "Haya mjukuu wangu, nitolee machungwa manne katika kapu lile." Mtoto akaanza kuyatoa huku akihesabu. Alipofika manne hakukoma. Aliendelea hadi kapu likabaki tupu, akageuka kumtazama mama yake, naye mama akainamisha uso.

Hapakuwa na cha kuonea haya. Kijana yule amehifadhi majina ya namba kwa mpangilio, na hilo ni jambo jema, lakini hajatambua bado kwamba jina la mwisho analolitaja ndilo idadi ya vitu vyote alivyovihesabu. Twaweza kumpima mtoto yeyote kwa swali jepesi: akisha kuhesabu vijiko vitano, tumuulize ni vingapi. Akianza kuvihesabu upya, basi hajafika. Na ndiye huyu ambaye punde tu ataingia darasa la kwanza, aandikiwe ubaoni 5 + 3, alama asizozijua juu ya idadi asizozishika. Akikosa ataitwa mzito, pengine na fimbo juu yake. Tumewafahamu watu wazima wenye akili timamu wanaotetemeka wakitakiwa kupiga hesabu, na wengi wao ukiwachimba utakuta jeraha hilo lilianzia hapo.

Dawa yake haihitaji fedha. Yahitaji komwe, ama kokoto, ama visoda vilivyooshwa vizuri, na mtu mzima mwenye robo saa ya kukaa mkekani. (Aliye chini ya miaka mitatu asiachiwe vitu hivi, kwani vyote hukimbilia kinywani.)

Tuanze na kopo tupu la maziwa. Mzazi atumbukize komwe moja moja, na mtoto asikilize mlio na kuhesabu hadi tano. Sasa kopo lisifunguliwe. Mzazi aongeze mbili juu ya zile tano, kisha aulize zimo ngapi. Mara za mwanzo mtoto atataka kumwaga zote na kuanza tena na moja, aachwe amwage. Siku moja atasema mwenyewe, "Tano... sita, saba." Hatua hiyo yaonekana ndogo, lakini ndiyo mlango wa kujumlisha: mtoto ameamini kuwa tano ni tano hata asipoziona, naye anaendelea kutoka pale zilipoishia.

Mchezo tunaoupenda kuliko yote ni wa kawa, lile lile la kufunikia chakula. Mtoto ahesabu komwe saba na kuzitandaza mkekani. Afumbe macho, mzazi afunike baadhi. Akifumbua anaona tatu. Je, zilizo chini ya kawa ni ngapi? Hapo akili hufanya kazi mbili kwa pamoja: kutoa tatu katika saba, na kutafuta kinachopaswa kuongezwa kwenye tatu ili zitimie saba. Shule aghalabu hutenganisha kujumlisha na kutoa kana kwamba ni masomo mawili yasiyo na udugu. Chini ya kawa mtoto hugundua kwamba ni jambo moja linalotazamwa kutoka pande mbili. Kisha wabadilishane, mtoto afiche na mzazi akisie. Mzazi akosee mara moja moja kwa makusudi, maana hakuna furaha inayoishinda ile ya kumsahihisha mkubwa.

Wale wasiotulia, na ni wengi, wachorewe visanduku kumi mchangani, vyenye namba 1 hadi 10. Asimame kwenye 4, aruke mbele mara tatu, atue wapi? Arudi nyuma mara mbili. Sasa yuko wapi? Lipo kosa moja ambalo karibu kila mtoto hulifanya: hukihesabu kisanduku alichosimama kuwa ndiyo ruko la kwanza, akaishia 6 badala ya 7. Asikemewe. Aambiwe tu kwamba tunahesabu miruko, hatuhesabu visanduku, kisha ajaribu tena.

Mabinti wetu wamekuwa nao mdako tangu zamani. Anarusha jiwe juu, anazitoa kete shimoni kwa mkupuo, analidaka. Anarusha tena na kuzirudisha huku akibakiza moja nje. Mchezaji hodari anajua daima ngapi zimo shimoni na ngapi ziko kwake. Tumeshangazwa na wazazi wanaowaita binti zao ndani waache upuuzi huo, waje kufanya hesabu.

Vidole navyo vimesingiziwa sana. Wapo wanaomkataza mtoto kuvitumia, kana kwamba ni kuiba. Sisi twaona kinyume. Akikunja vidole vitatu na kuona saba vimesimama, anajifunza jozi za kumi, nazo ndizo atakazozitumia maisha yake yote. Ataviacha mwenyewe akisha kutovihitaji.

Tena lugha yetu yenyewe inamsaidia. Tunaposema kumi na tatu, tumekwisha jumlisha: ni kumi, na tatu juu yake. Anayejifunza kwa Kiingereza hukutana na majina ya 11 na 12 yasiyomwambia lolote kuhusu kumi. Na tusemapo saa tatu kasorobo, tumetoa robo katika tatu bila kushika kalamu. Basi mtoto atandaze komwe kumi katika safu moja na tatu pembeni, ayatamke maneno hayo akiziona. Familia zenye watoto wanaofundishwa kwa Kiingereza tunazisihi zisiache kuhesabu kwa Kiswahili nyumbani.

Duka la mchezo lije baadaye kidogo. Mtoto apewe visoda kumi kuwa ndizo fedha zake, na bidhaa ziwe za bei ya moja hadi tano. Kabla ya kulipa aseme vitabaki vingapi. Akiwa muuzaji, afundishwe kurudisha chenji kwa kupanda: bidhaa ni ya saba, umetoa kumi, basi nane, tisa, kumi, chukua tatu zako. Sarafu halisi za 50, 100 na 200 zisubiri, kwani sarafu moja yenye thamani ya mia ni fumbo kwa anayejua kwamba kitu kimoja ni kimoja.

Kuhusu daftari na penseli, twashauri visiharakishwe. Mtoto akiweza kusema bila kufunua kawa, hapo mzazi aandike 7 - 3 = 4 kando ya komwe zenyewe, na mtoto ataona kwamba alama zile zinasimulia alichokwisha kukitenda. Jirani yetu amelifungia daftari kabatini hadi baada ya Idi. Kawa la nyumba ile sasa ni nadra kuonekana juu ya sahani, na bibi analalamika kwamba nzi wamezidi.