Majarida ya Sarafu na Faida Yake kwa Mkusanyaji

Majarida ya sarafu ni machapisho ya watu wanaokusanya sarafu, noti na medali. Hutoka kwa wiki, kwa mwezi au kwa robo mwaka, na kazi yake kubwa ni kumfundisha mkusanyaji yale ambayo sarafu yenyewe haisemi. Mfano mzuri ni riale ya fedha ya malkia Maria Theresa, iliyotumika sana katika biashara ya pwani ya Afrika Mashariki. Imeandikwa mwaka 1780, lakini baada ya malkia huyo kufariki mwaka huohuo, viwanda vya nchi mbalimbali viliendelea kuifua bila kubadili tarehe. Anayesoma mwaka peke yake anaweza kununua sarafu ya juzi kwa bei ya kale.

Majarida haya yamegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la majarida ya kitaalamu, kama Numismatic Chronicle la Royal Numismatic Society, chama kilichoanzishwa London mwaka 1836. Humo ndimo John Walker alimochapisha mwaka 1936 utafiti wake kuhusu sarafu za masultani wa Kilwa. Sarafu hizo za shaba zina maneno yenye vina pande zote mbili na jina la sultani, lakini hazina mwaka. Bila uchunguzi wa namna hiyo, ni vigumu kujua ni za kipindi gani.

Kundi la pili ni la wakusanyaji wa kawaida. Daktari George Heath wa Monroe, Michigan, alianzisha jarida lililokuja kuitwa The Numismatist mwaka 1888. Miaka mitatu baadaye, wito wake kwa wasomaji ulizaa American Numismatic Association, ambayo hadi leo huwapa wanachama jarida hilo. Mwaka 1952 Chester Krause, fundi seremala wa mji mdogo wa Iola, Wisconsin, alianza kuchapa Numismatic News ili wakusanyaji wa mashambani waweze kuuziana na kubadilishana sarafu kwa posta. Coin World lilifuata mwaka 1960, na Uingereza ina Coin News.

Ndani ya toleo moja msomaji hukuta habari za sarafu mpya, historia, ripoti za minada, maonyo kuhusu sarafu bandia na orodha za bei. Hujifunza pia kutazama mambo madogo. Kwenye sarafu za heller za Afrika Mashariki ya Kijerumani, herufi A humaanisha Berlin, J Hamburg, na T Tabora, ambako Wajerumani walifua sarafu mwaka 1916 vita vilipowakatia njia ya kuletewa fedha kutoka kwao. Hujifunza vilevile kupima hali ya sarafu. Marekani hutumia kipimo cha 1 hadi 70, kilichotokana na kazi ya William Sheldon ya mwaka 1949. Na hujifunza mapema kutosugua sarafu ili ing'ae, kwa kuwa kufanya hivyo huiharibu uso na kuishusha thamani.

Orodha za bei zinahitaji uangalifu. Bei inayochapishwa kwa kawaida ni ile ambayo mnunuzi huitoa dukani. Mwenye duka akinunua hutoa pungufu, kwani naye hutafuta faida. Matangazo ya wauzaji nayo si ushauri wa mhariri, hata yakiwa ukurasa mmoja na makala.

Kabla ya kulipia jarida kwa mwaka, inafaa kusoma toleo moja au mawili. Anayekusanya sarafu za Zanzibar au shilingi za Afrika Mashariki hatafaidika sana na jarida linaloandika senti za Marekani tu. Gharama ya posta kwenda nchi ya nje yaweza kukaribia au kupita bei ya jarida lenyewe, na hapo toleo la intaneti huwa nafuu. Kujiunga na chama huenda kukawa na faida zaidi pale ada inapojumuisha jarida pamoja na huduma ya maktaba.

Matoleo ya zamani yanastahili kutunzwa. Bei zake hupitwa na wakati, lakini picha, vipimo vya uzito na maelezo ya historia hubaki na kazi yake kila sarafu ngeni inapomfikia mkusanyaji.