Video ya biashara: Mkamuaji wa Singida aonyeshe mafuta, asijionyeshe mwenyewe

WAFANYABIASHARA wengi wadogo siku hizi wanashawishiwa watengeneze video za kutangaza biashara zao. Mpiga picha anafika na kamera yake, anataja bei, na mwenye biashara anabaki akijiuliza: je, fedha hizi zitarudi?

Kwa mkoa wa Singida swali hilo si dogo. Mkamuaji mdogo wa mafuta ya alizeti mara nyingi ana mtaji mmoja tu, na ndio huo huo unaonunua mbegu. Alizeti hupandwa kwa mvua za Desemba na Januari, na mavuno huanza kuingia sokoni kuanzia Mei. Wakati huo mbegu ni nyingi na bei huwa ya chini. Fedha itakayotolewa wakati huo kulipia video ni magunia ambayo hayatanunuliwa, na mashine itasimama mapema msimu ukienda mbele. Kwa hiyo, kabla ya kufungua mfuko, ni vyema mfanyabiashara aelewe kazi ambayo video inaweza kuifanya na ile isiyoweza.

Mnunuzi ana mashaka gani

Mafuta ya Singida yana jina zuri. Wasafiri wa barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Mwanza hununua madumu njiani, pamoja na kuku wa kienyeji, vitunguu na asali. Lakini penye jina zuri hapakosi wa kulitumia vibaya. Mnunuzi wa mbali anapoangalia dumu la lita 20 huwa na maswali matatu. Kwanza, je, hii ni alizeti tupu, au imechanganywa na mafuta mengine ya bei nafuu? Pili, je, yamechujwa sawasawa, au atakuta mashapo chini ya dumu? Tatu, je, lita 20 zimetimia?

Maswali haya yana uzito zaidi kwa sababu mkamuaji mdogo hawezi kushindana kwa bei na mafuta yanayoingizwa kwa meli kutoka nje. Wakulima na wakamuaji walilia sana katika msimu wa 2022/2023 pale bei ya mbegu iliposhuka, na lawama nyingi zilielekezwa kwa mafuta ya nje. Silaha ya mtu mdogo ni uaminifu wa bidhaa yake, na uaminifu huo unahitaji kuonekana kwa macho.

Sasa tazama video nyingi za biashara zilivyo. Muziki unapigwa, jina la kampuni linazunguka, mkurugenzi anaonekana amekaa nyuma ya meza akisema kuwa kampuni yake ni bora na inajali wateja. Halafu gari lake linapita. Dakika tano zimekwisha na maswali matatu ya mnunuzi hayajaguswa.

Somo la Vugiri

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Kati ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri karibu na Korogwe, Waingereza waliendesha mradi wa kutengeneza filamu kwa ajili ya wananchi wa Afrika Mashariki, na filamu 35 zilitengenezwa. Ulikuwa mradi wa kikoloni wenye dharau zake kwa Mwafrika. Hata hivyo, moja ya filamu hizo ilitangaza huduma ya fedha, yaani Benki ya Akiba ya Posta, na namna ilivyofanya hivyo inafaa kuangaliwa na mfanyabiashara wa leo.

Filamu hiyo haikuanza na jengo wala sifa za meneja. Ilionyesha vibarua wawili waliopokea mshahara. Mmoja alifukia fedha zake ardhini, mwizi akazifukua. Mwingine alizipeleka posta, zikabaki salama. Mtazamaji alioneshwa kwanza hofu yake mwenyewe, kisha akaoneshwa dawa yake.

Kitu gani kionekane

Kwa mkamuaji wa Singida, hadithi iko tayari mashineni. Gunia la mbegu lifunguliwe mbele ya kamera. Mbegu zimiminwe, mashine ikamue, mashudu yatoke upande mmoja na mafuta upande mwingine. Chujio lionekane likifanya kazi. Dumu tupu lijazwe kwa kipimo, lifungwe lakiri, na tarehe iandikwe. Yote haya yapigwe mfululizo kadiri inavyowezekana, kwa sababu picha ikikatwakatwa mno mnunuzi huanza kujiuliza kilichofichwa. Dakika moja na nusu inatosha.

Muuza vitunguu wa soko la Misuna naye afuate njia hiyo hiyo. Mashaka ya mnunuzi wake ni vitunguu vibichi visivyokauka, na gunia lililopangwa vizuri juu na kuharibika chini. Basi gunia limwagwe lote mbele ya kamera, kisha lipimwe kwenye mizani.

Hesabu ya kurudisha fedha

Tuchukue mfano wa kukadiria. Mpiga picha anataka Sh. 600,000. Faida halisi ya mkamuaji kwa dumu moja, baada ya kutoa mbegu, umeme, vibarua na dumu lenyewe, ni Sh. 4,000. Ili fedha irudi, video lazima ilete mauzo ya madumu 150 ambayo yasingeuzwa bila video hiyo. Ikiwa inaongeza madumu 10 kwa wiki, zitapita wiki 15 kabla ya kuona senti ya faida.

Kazi hiyo hiyo ikifanywa kwa simu nzuri, na fundi akalipwa Sh. 100,000 kuihariri, madumu 25 ya ziada yanatosha. Kila mfanyabiashara aweke tarakimu zake mwenyewe. Asiyeijua faida yake kwa dumu moja aanze na daftari, kamera atangoja.

Ionyeshwe wapi

Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, na hata baada ya hapo tangazo la televisheni lilibaki la makampuni makubwa. Leo njia ni nyingi na nyingine ni rahisi. WhatsApp hufika moja kwa moja kwa mwenye duka wa Kariakoo anayetaka kuagiza. Mabasi mengi ya masafa marefu yana televisheni, na abiria atakayepita Singida baada ya saa moja yuko karibu na uamuzi kuliko mtazamaji wa Dar es Salaam aliye kitandani. Mapatano na mwenye basi yawe kwa maandishi, yakitaja idadi ya safari. Na mwisho wa video itajwe namba ya simu na mahali duka lilipo.

Tahadhari

Usioneshe alama ya ubora ya TBS kama hujapewa leseni ya kuitumia. Usidai kwamba mafuta yako yanatibu maradhi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Wimbo wa msanii una mwenyewe kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999. Sauti ya mashine inatosha na haidaiwi malipo. Kabla ya kupiga picha, muulize fundi kama ana vibali vinavyotakiwa na Bodi ya Filamu.

Tahadhari kubwa kuliko zote ni kwamba video haifichi bidhaa mbaya. Mteja aliyeona mafuta safi kwenye simu na kukuta mashapo kwenye dumu atairudisha video hiyo kwa wenzake, safari hii na maneno yake.

Ushauri wetu

Piga picha wakati wa mavuno, mashine zikiwa kazini, kwa sababu picha hizo hazipatikani mwezi Februari. Lakini usiguse mtaji wa mbegu. Gharama za kuhariri zilipwe kutokana na mauzo ya kwanza. Anza na video moja fupi, waulize wateja wapya wamekujuaje, na andika majibu yao kwa miezi mitatu. Daftari hilo ndilo litakalokuambia kama kuna haja ya kumwita mpiga picha wa Sh. 600,000.