Nambari ya Mkulima, Anwani ya Pochi

Pale kituo cha kununulia majani chai karibu na Litein, mama yangu hakuitwa kwa jina. Karani alitaja nambari yake ya mkulima, akasoma mizani, risiti ikatoka. Jirani mmoja aliishika nambari ile kichwani. Kila mwezi alijua kilo za mama, na kiwanda kilipotangaza bonasi ya Oktoba, yeye alishapiga hesabu yetu kabla mama hajafika benki.

Anwani ya pochi ya sarafu za kidijitali ni nambari kama hiyo, ila daftari lake liko wazi kwa dunia nzima. Kijana wa Kericho au Bomet anayeweka akiba yake kwa sarafu ya USDT akibonyeza “unganisha pochi” kwenye mchezo au soko la tokeni, hudhani amefungua mlango tu. Kumbe amekabidhi nambari yake. Wenye programu husoma salio lake na kila muamala tangu siku ya kwanza. Akiwa alinunua sarafu moja kwa moja kwa mtu akalipa kwa M-Pesa, muuzaji huyo anaweza kuwa na jina, simu na anwani kwa pamoja.

Zamani tovuti ziliweza kuisoma anwani ya pochi ya MetaMask bila hata kuuliza. Leo zinaomba ruhusa, lakini njia bado ina masikio: Novemba 2022 kampuni ya ConsenSys, yenye MetaMask, ilieleza kwamba huduma yake ya Infura hupokea anwani ya pochi pamoja na anwani ya intaneti ya mtumiaji anapotuma muamala.

Tunakumbuka mradi wa Worldcoin. Mwaka 2023 Wakenya walipanga foleni KICC jijini Nairobi, wakapigwa picha za mboni za macho kwa tokeni za takriban shilingi 7,000. Serikali ilisimamisha shughuli hiyo Agosti, na Mei 2025 Mahakama Kuu ikaamuru data ile ifutwe. Data iliyo kwenye seva ya kampuni hufutika. Muamala ulioandikwa kwenye blokcheni, lile daftari la wazi, haufutwi na jaji yeyote, hata akitumia Sheria ya Kulinda Data ya 2019.

Ndiyo maana nawasihi vijana wetu wawe na pochi mbili: ya akiba, isiyounganishwa popote, na ya matembezi, yenye kiasi cha kazi ya siku hiyo. Msihamishe pesa moja kwa moja kutoka moja hadi nyingine, maana uhamisho huo wenyewe unatangaza kwamba mwenye pochi hizo ni mmoja.

Na kukata muunganisho hakuondoi idhini ya kutoa tokeni uliyoipa programu. Wiki hii nilikagua idhini za pochi yangu nikakuta moja niliyoupa mchezo mmoja zamani, isiyo na kikomo cha kiasi. Nimeifuta kwa ada ndogo. Anwani yangu wenye mchezo bado wanayo.