Ufahamu na Matini ya Kujichagulia (Sehemu ya 2)

Matini ya kujichagulia ni kitabu, gazeti au hadithi ambayo mwanafunzi ameiteua mwenyewe bila kupangiwa na mwalimu. Mtaala wa umilisi wa Kenya umeitengea nafasi chini ya kusoma kwa mapana, hadi sekondari msingi iliyoanza mwaka 2023. Katika mfumo wa 8-4-4, vitabu teule huamuliwa kitaifa: mwanafunzi wa Nakuru na wa Lamu husoma riwaya ile ile ya Nguu za Jadi na tamthilia ile ile ya Bembea ya Maisha.

Kitabu teule husomwa kwa ajili ya dondoo za mtihani. Mtahiniwa anajua ataulizwa muktadha wa dondoo kwa alama 4, basi hukariri msemaji, msemewa, mahali na sababu. Mwongozo wa kitabu hicho humpa yote hayo tayari, na si ajabu ukachakaa kabla ya riwaya yenyewe. Lakini karatasi ya pili ya Kiswahili katika mtihani wa KCSE ina kifungu cha ufahamu cha alama 15 ambacho hajawahi kukiona. Hicho hakina mwongozo.

Kinachomsaidia hapo ni msamiati, mazoea ya kusoma, na zaidi ya yote yale anayoyajua tayari. Mwaka 1988 nchini Marekani, Donna Recht na Lauren Leslie waliwapa wanafunzi habari ya mchezo wa besiboli. Wasomaji dhaifu walioujua mchezo waliikumbuka na kuieleza vizuri kuliko wasomaji hodari wasioujua. Katika Bonde la Ufa jambo hilo huonekana wazi. Mtoto wa Naivasha anajua mtumbwi, wavu na kiboko, ilhali aliyekulia Mau Narok hukutana na vitu hivyo kitabuni tu. Njoro nako, neno ngano humpeleka mtoto shambani moja kwa moja. Mpaka afundishwe fasihi simulizi ndipo ajue kwamba ngano husimuliwa pia.

Anayejichagulia, basi, huelekea kwenye mambo anayoyajua. Mpenzi wa kandanda atavumilia sentensi ndefu katika habari za timu ya Gor Mahia, sentensi ambazo angezikimbia katika insha ya uchumi. Anaposonga mbele huokota maneno mapya, na maneno hayo humfaa baadaye katika kifungu asichokichagua.

Hata hivyo, uchaguzi usipewe sifa zisizo zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walijaza vitabu vya hadithi katika madarasa ya vijijini visiwani Fiji, ambako Kiingereza kilikuwa lugha ya pili. Baadhi ya madarasa yalisoma kimya vitabu vya kujichagulia. Katika mengine mwalimu alisoma kwa sauti na kujadili na watoto. Makundi yote mawili yaliyapita kwa mbali madarasa yaliyofuata mpango wa kawaida wa masomo. Wingi wa vitabu ndio uliobeba mzigo mkubwa.

Kwa hiyo swali la kwanza ni rafu. Shule yenye nakala chache ndani ya kabati lililofungwa haina cha kuchaguliwa, hata ratiba ikitaja kipindi cha maktaba. Mjini Nakuru kuna maktaba ya umma, na vitabu kuukuu huuzwa kwa bei nafuu kando ya barabara. Huko Kuresoi, sanduku la vitabu linalozungushwa kati ya madarasa lina faida kuliko kabati zuri lenye kufuli.

Swali la pili ni kiwango. Mwanafunzi hufungua ukurasa wa katikati, akakunja kidole kwa kila neno asilolijua. Vidole vitano vikiisha kabla ya ukurasa, kitabu hurudi rafuni. Mbinu hiyo ya darasani haiko mbali na utafiti: Paul Nation na mwenzake walionyesha mwaka 2000 kwamba wengi huelewa hadithi vyema wakijua takriban asilimia 98 ya maneno yake. Katika ukurasa wa maneno 250, asilimia 2 iliyobaki ni maneno 5.

Kupima ufahamu wa darasa ambalo kila mmoja ana kitabu chake hakuhitaji maswali 40 tofauti. Mwalimu humwita mwanafunzi, akamtaka asimulie alikofika, aeleze kwa nini mhusika ametenda alivyotenda, na akisie yatakayofuata. Asiyekisoma kitabu hukwama kwenye swali la pili.