Maua ya Kaburini: Uliza Kwanza, Kisha Kata

Kifo kinapotokea kijijini kazi huwa nyingi. Wengine huchimba kaburi. Wengine huteka maji, hupasua kuni na kupika. Siku hizi imeongezeka kazi nyingine, nayo ni kutafuta maua.

Wananchi wa Masasi waliyaona maua ya namna hiyo mwaka 2020. Tarehe 29 Julai mwaka huo, Rais mstaafu Benjamin Mkapa alizikwa kijijini kwake Lupaso. Alikuwa Mkatoliki, na mashada ya maua yaliwekwa juu ya kaburi lake. Wakristo wengi wa Masasi wameizoea desturi hiyo. Wamisionari wa Kianglikana walifika huko mwaka 1876.

Lakini si kila kaburi linangoja shada. Katika Masasi na Newala, Waislamu na Wakristo huishi nyumba kwa nyumba, na huzikana.

Mwalimu mmoja kijana alinisimulia yaliyompata. Alihamishiwa Newala kutoka mkoa mwingine. Mama wa jirani yake alipofariki, alikopa fedha, akaagiza shada la plastiki kutoka mjini. Akalipeleka msibani. Kaka wa marehemu alikuwa amekaa mlangoni. Katika koo za huku mjomba ndiye mwenye neno.

“Shikamoo mzee. Poleni sana. Nimemletea mama shada.”

“Marahaba mwanangu. Tumekwisha poa. Umefanya vizuri kumkumbuka dada yangu. Lakini sisi Waislamu hatuweki mashada. Liweke hapo nyuma ya nyumba, kisha njoo tukae.”

Mwalimu aliona haya. Shada likabaki nyuma ya nyumba, kuku wakalidonoa. Deni akaendelea kulilipa.

Kumbe angeuliza kwanza. Katika mazishi ya Kiislamu, watu wengine humwagia kaburi maji na kuchomeka tawi bichi. Imesimuliwa kwamba Mtume Muhammad alipasua kuti bichi la mtende, akalichomeka katika makaburi mawili. Mashehe wengine husema jambo hilo lilikuwa la Mtume peke yake. Kwa hiyo hata tawi, waulize wenye msiba.

Wazee wengine wa Kiyao hawaweki ua wala tawi. Humwaga unga chini ya mti uitwao msolo na kuwakumbuka waliotangulia. Kule Kilimanjaro Wachaga hupanda masale. Kila mahali pana desturi yake.

Sasa tuseme wenye msiba wametaka maua. Je, lazima kununua? Hapana. Tazama uani kwako.

Bogenvilia ndiyo ya kwanza. Huvumilia ukame, na huchanua hata wakati wa kiangazi. Rangi unayoiona si ua hasa. Ni majani yaliyogeuka rangi, na ua lenyewe ni dogo jeupe katikati. Ndiyo sababu hayanyauki upesi. Yakikauka, rangi hubaki siku nyingi. Angalia miiba tu.

Upo pia ule mti wa maua meupe yenye moyo wa njano na harufu nzuri, ambao hupandwa sana makanisani. Ukilikata tawi hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Utomvu huo huwasha ngozi na macho. Basi okota maua yaliyoanguka asubuhi, usivunje matawi. Lakini lile ua kubwa jekundu lenye ulimi mrefu, ambalo watu hupanda kuwa ua wa nyumba, liache. Huchanua asubuhi, na kesho yake limekwisha.

Kutengeneza shada si kazi ngumu. Pindisha ufito wa mwanzi uwe duara. Funga majani ya mwembe kwanza, yaufunike ufito wote. Kisha chomeka maua. Nyunyiza maji kidogo, funika kwa kitambaa chenye unyevu, weka kivulini mpaka saa ya mazishi.

Neno moja kwa vijana: msikate maua ya mikorosho! Nimewahi kuona shada la namna hiyo. Lilikuwa zuri, lakini zilikuwa korosho za mtu.

Wengine hupenda kupanda maua juu ya kaburi. Yapo yale madogo ya waridi au meupe, yenye majani matano ya ua, ambayo humea hata kwenye mchanga. Asili yake ni Madagaska. Huhitaji maji kidogo, na mbuzi huyaacha kwa sababu yana sumu. Hospitalini dawa za saratani zimetokana na mmea huo, lakini watoto wasiutafune.

Shada la plastiki hukaa muda mrefu, hilo ni kweli. Lakini jua huliparua rangi, na upepo hulitupa shambani kwa watu. Plastiki haiozi.

Uwanda wa Makonde una shida ya zamani ya maji. Mchanga hunywa mvua yote, na kwa miaka mingi akina mama waliteremka mabondeni kuteka maji. Msiba nao unataka maji ya kuoshea maiti, ya kupikia, na ya kunywa wageni.

Siku ya arobaini yule mwalimu alikwenda tena. Safari hii alikuwa amefunga madumu mawili ya maji kwenye baiskeli yake. Mjomba alimpokea yeye mwenyewe, akamwita mkeka wa mbele.