Njia nne za kwenda kwenye magofu ya Wainka, na mzigo abebe nani?

Rafiki yangu tuliyesoma darasa moja uhamishoni, katika makazi ya Mishamo magharibi mwa Tanzania, siku hizi anaishi Marekani. Mwaka juzi alinipigia simu akasema anataka twende Peru pamoja, tukatembee kwa miguu milimani hadi kwenye magofu ya Wainka, nauli juu yake. "Wewe ndiye mwalimu wa jiografia," akasema, "chagua njia."

Njia zinazozungumzwa sana ni nne, na kila moja humdai msafiri kitu chake.

Iliyo maarufu kuliko zote ni ile inayoitwa Njia ya Wainka. Ni kilomita 43 hivi, siku nne, na sehemu kubwa unakanyaga mawe yaliyopangwa na Wainka wenyewe. Njiani unapita magofu ya Runkurakay, Sayacmarca na Wiñay Wayna. Siku ya pili unapanda hadi mita 4,215, na asubuhi ya mwisho unaingia Machu Picchu kupitia Lango la Jua. Ugumu wake mkubwa ni karatasi. Serikali huruhusu watu 500 tu kwa siku, na katika hao wamo waongozaji na wapagazi, kwa hiyo wageni hubaki kama 200. Kibali hununuliwa kupitia kampuni yenye leseni, huandikwa jina na namba ya pasipoti, na hakiwezi kuhamishiwa mtu mwingine. Mwezi wa Februari njia hufungwa kwa matengenezo.

Msomaji aliyewahi kurudishwa mpakani kwa sababu ya herufi moja ya jina lake ataelewa kwa nini habari hii ilinikaa moyoni. Tena sisi walimu wa Burundi likizo yetu ndefu huanza Julai, wakati wa kiangazi huko Andes, ndipo wageni wa dunia nzima wanapoelekea huko. Vibali vya Julai huisha miezi mingi kabla.

Njia ya pili, Salkantay, haina foleni hiyo ya vibali. Inapita chini ya mlima wenye mita 6,271, mrefu kuliko Kilimanjaro, na sehemu ya juu kabisa ya njia iko kwenye mita 4,600 hivi, juu kidogo ya kilele cha Karisimbi. Anayependa theluji na mandhari aende huko. Magofu ni haba mpaka ukaribie Machu Picchu. Ya tatu, Lares, hupita vijijini kwa wafugaji na wafumaji wa sufi wanaozungumza Kikechua, na kipande cha mwisho mtu hupanda treni. Ni nzuri kwa anayetaka kuona watu kuliko mawe.

Ya nne haiendi Machu Picchu kabisa. Inakwenda Choquequirao, mji mwingine wa Wainka ulio mita 3,000 hivi juu ya usawa wa bahari, kwenye mgongo wa mlima juu ya mto Apurímac. Hakuna treni wala barabara ya gari. Mpango wa kujenga gari la kamba umezungumzwa kwa miaka mingi, lakini kwa sasa mtu hufika kwa miguu yake.

Kilichonisumbua kuliko vibali na vilele kilikuwa mzigo. Katika Njia ya Wainka wanyama hawaruhusiwi. Mahema, gesi, sufuria na chakula hubebwa na wapagazi migongoni. Nilikulia katika nyumba ambayo baba alibeba magunia ya watu wengine, na nilijiuliza kama naweza kutembea mikono mitupu nyuma ya mwanamume wa umri wangu aliyebeba godoro langu.

Nilimweleza hayo mama mmoja anayefanya biashara ya vitenge kati ya Kabanga na Kobero. Alicheka. "Mwalimu, huruma yako haitampikia mtu ugali," akaniambia. "Mlipe vizuri, mzigo usizidi, basi."

Nadhani alisema kweli. Peru ilitunga sheria ya wapagazi mwaka 2001, ikaweka kikomo cha kilo 20 kwa mtu, na mizigo hupimwa kwenye mizani penye kituo cha kuanzia. Kabla ya hapo watu walibebeshwa mizigo mizito zaidi. Kwa hiyo anayechagua njia hiyo aiulize kampuni maswali mawili kabla ya kulipa: wapagazi wanalipwa kiasi gani, na usiku wanalala wapi? Ikisitasita kujibu, atafute nyingine. Bei rahisi mno mara nyingi humaanisha kuna mtu amekatwa ujira.

Hata hivyo nilichagua Choquequirao. Huko mizigo hubebwa na nyumbu, yule mtoto wa punda na farasi, na mwenye nyumbu hutembea nao. Sababu nyingine ni ya historia. Wahispania walipouteka mji mkuu, Cusco, mwaka 1533, haikuchukua miaka mingi mfalme Manco Inca akajitenga na watu wake katika milima ya Vilcabamba, pande hizohizo. Ufalme huo wa ukimbizini ulidumu kutoka 1537 hadi 1572. Miaka 35. Wazazi wetu waliokimbia mwaka 1972 walianza kurudi kwa wingi mwaka 2008. Hesabu afanye msomaji mwenyewe.

Rafiki yangu alinuna, kwani yeye alitaka Machu Picchu. Tulikubaliana kutangulia Choquequirao, kisha Machu Picchu twende kwa treni. Kwanza tulikaa siku tatu Cusco, mji wenye mita 3,400, juu kuliko mlima wetu Heha, tukinywa chai ya majani ya koka ili vichwa vizoee hewa nyepesi. Siku hizo tatu mtu asizipunguze.

Njia yenyewe ni ngumu. Kutoka Capuliyoc, juu ya kijiji cha Cachora, unateremka kama mita 1,500 hadi mtoni, penye joto na visubi wanaouma, kisha unapanda kiasi hichohicho upande wa pili. Kurudi ni vilevile. Mwenye magoti mabovu asijaribu. Lakini juu kule tulikuta magofu karibu matupu, na chini yake matuta ambayo kuta zake zimepambwa lama waliopangwa kwa mawe meupe. Sehemu kubwa ya mji bado imefunikwa na msitu.

Kabla ya kufika huko, kwenye kijiji cha Marampata, mama mmoja alituuzia soda. Bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya Cachora, na rafiki yangu akaanza kuomba apunguziwe. Mama hakujibu, alinyoosha kidole kwenye njia tuliyopanda, ambako nyumbu wake wawili walikuwa wanakuja na kreti. Tukalipa.